Kodi Ikidaiwa, Nyumba Isipotee: Mwongozo kwa Wapangaji wa Nyumba za Kaunti, Nakuru na Kisumu

Mpangaji wa nyumba ya kaunti anayedaiwa kodi ana mambo mawili mbele yake, na wengi huyachanganya. La kwanza ni deni, ambalo linaweza kulipwa, kupunguzwa, kupingwa au kugawanywa kwa awamu. La pili ni kutolewa nyumbani, na hilo linahitaji mamlaka ya kisheria ambayo haizaliwi na deni peke yake. Karani wa mapato anaweza kuwa amehesabu sawasawa hadi senti ya mwisho, na bado akawa hana mamlaka ya kutia kufuli kwenye mlango wako. Kwa upande mwingine, mpangaji anayejua kwamba hawezi kufurushwa bila amri ya mahakama, kisha akakaa kimya akisubiri hiyo amri, atakuta siku ya kesi imefika na yeye hana la kusema.

Mwongozo huu unawalenga wapangaji wa mitaa kama Kivumbini na Flamingo jijini Nakuru, Ondiek, Arina na Lumumba jijini Kisumu, au Amalemba mjini Kakamega, pamoja na wale wanaokimbiliwa na majirani notisi inapobandikwa: wenyeviti wa kamati za mtaa, wasaidizi wa kisheria, na watu wa makanisa na misikiti. Sehemu kubwa inazungumzia kazi inayofanyika mapema, kabla ya wakili, kwa sababu katika nyumba za kaunti ushindi mwingi hupatikana kwenye makaratasi ya miezi ya kwanza.

Anza na daftari la kodi

Kabla ya kuomba kuhurumiwa, na kabla ya kumwendea Mwakilishi wa Wadi, omba taarifa ya akaunti ya nyumba yako inayoonyesha mwezi kwa mwezi kodi iliyotozwa, malipo yaliyopokelewa na salio. Usikubali karatasi yenye jumla peke yake. Nyumba hizi zilikuwa mali ya mabaraza ya manispaa, na baada ya uchaguzi mkuu wa 2013 mabaraza hayo yalipokoma, serikali za kaunti zilirithi nyumba pamoja na vitabu vyake. Rekodi iliyopita mikono mingi kiasi hicho haipaswi kuaminiwa bila kukaguliwa, na ukaguzi huo ni haki yako wala si ukaidi.

Keti na taarifa hiyo pamoja na risiti zako zote, za karatasi na za simu. Ukiwa umelipa kwa M-Pesa na umepoteza ujumbe, omba taarifa ya miamala ya miaka husika kutoka kwa kampuni ya simu, kisha weka alama kwenye kila malipo yaliyokwenda kwa nambari ya malipo ya kaunti. Tafuta kwanza malipo yaliyoingizwa kwenye nyumba nyingine, jambo ambalo hutokea kwa urahisi pale nyumba mbili zinapotofautiana kwa herufi moja tu, au mlipaji alipoandika nambari ya akaunti kwa haraka. Tafuta pia kodi mpya iliyoanza kutozwa kabla ya wakati wake. Viwango vya kodi za nyumba za kaunti huwekwa kwa sheria ya fedha inayopitishwa na bunge la kaunti, kwa hiyo uliza ni sheria ya mwaka gani iliyoruhusu kiwango unachotozwa, na ilianza kutumika lini. Deni la maji liweke kando: maji hudaiwa na kampuni ya maji, KIWASCO kwa Kisumu na NAWASSCO kwa Nakuru, na halipaswi kujificha ndani ya deni la kodi.

Halafu kuna kile kinachoitwa salio la awali. Utakuta ukurasa wa kwanza wa taarifa umeanza na, tuseme, Sh61,000 zisizo na maelezo yoyote, zikisemekana zimetoka kwenye vitabu vya zamani. Hapo ndipo pa kusimama. Sheria ya Ukomo wa Muda wa Madai, Sura ya 22, inasema kwamba kesi ya kudai malimbikizo ya kodi haiwezi kufunguliwa, wala mali haiwezi kukamatwa kwa ajili ya malimbikizo hayo, baada ya miaka 6 kupita tangu kodi husika ilipopaswa kulipwa. Kila mwezi wa kodi una saa yake. Kwa hiyo deni linaloonekana kuwa mlima linaweza kupungua kwa kiasi kikubwa pindi miezi ya kale inapotengwa na miezi ya karibuni. Kaunti inaweza kubishana na hoja hii, na mwenye uwezo wa kuipima kwa kila kesi ni wakili. Lakini huwezi kuitoa kama hukuwahi kudai mchanganuo wa mwezi kwa mwezi.

Hii ndiyo sababu ninaonya sana kuhusu sahihi. Ofisa anaweza kukuletea fomu ya kukiri deni lote, akakuambia ni utaratibu wa kawaida kabla ya kupewa awamu. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba kukiri deni kwa maandishi, ukatia sahihi, kunaweza kuianzisha upya saa ya miaka 6. Usitie sahihi kwenye jumla ambayo hujaikagua. Ukibanwa, andika kwa mkono wako juu ya sahihi kwamba unakiri kodi ya miezi unayoitaja tu, na kwamba salio lililobaki unalipinga hadi utakapopewa mchanganuo.

Ofisi ikikataa kutoa taarifa, andika ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo, na ofisi ya umma inapaswa kukupa uamuzi ndani ya siku 21. Wakinyamaza au wakikataa, lalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina tawi Kisumu na jingine Eldoret. Peleka ombi katika nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo una thamani kubwa kuliko ahadi tano za mdomo.

Jina lililoandikwa kwenye faili

Katika mitaa hii, tatizo la kodi mara nyingi ni tatizo la jina. Nyumba iliandikishwa kwa baba mwaka wa zamani, baba akafariki, mama akaendelea kulipa kwa jina la marehemu, naye mama akizeeka watoto wakachukua jukumu, na hakuna aliyekwenda ofisini kubadilisha faili. Kodi ikilipwa, hakuna anayeuliza. Ikikosekana miezi kadhaa, notisi huandikwa kwa jina la marehemu, na familia huambiwa kwamba haitambuliki.

Mjane au mtoto aliye katika hali hiyo asisubiri deni limalizike ndipo aende kurekebisha jina. Aende sasa, akiwa na cheti cha kifo, kitambulisho chake, cheti cha ndoa au hati ya kiapo inayoeleza ndoa ya kimila, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu inayothibitisha kwamba familia imeishi hapo, na risiti za miaka ambayo yeye mwenyewe alilipa. Risiti hizo zina uzito mkubwa, kwa sababu ofisi iliyopokea kodi kutoka kwa mtu mmoja kwa miaka mingi haiwezi kudai kirahisi kwamba haimjui. Barua iombe mambo mawili kwa pamoja: kutambuliwa kuwa mpangaji, na kupangiwa namna ya kulipa. Akina mama wanaonyanyaswa na wakwe wakati huohuo wanaweza kutafuta msaada kwa FIDA Kenya, shirika la wanasheria wanawake, ambalo lina ofisi Kisumu.

Hali ya pili ni ngumu zaidi, na ni afadhali isemwe waziwazi. Kuna watu wanaoishi katika nyumba za kaunti kwa kukodishiwa na aliyeandikishwa, ambaye yeye amehamia kwingine na anapokea kodi iliyo juu kuliko ile ya kaunti. Mpangaji wa namna hii anaweza kuwa amelipa kila mwezi bila kukosa, kumbe hakuna shilingi iliyofika kaunti. Ulinzi wake ni mdogo, kwa sababu mkataba wake ni na mtu ambaye kwa kawaida hakuruhusiwa kukodisha. Hata hivyo hana sababu ya kukimbia usiku. Akusanye uthibitisho wa malipo yake yote, aiandikie ofisi ya nyumba kueleza jinsi alivyoingia, na aombe kulipa kodi ya kaunti moja kwa moja kuanzia mwezi huo. Ofisi haifungwi kumkubali. Lakini hata akikataliwa, yeye na watoto wake bado ni binadamu wanaoishi ndani ya nyumba, na taratibu za kisheria za kumwondoa mtu zinamhusu yeye pia, kama itakavyoelezwa. Kosa moja asilifanye: kuendelea kumpa pesa yule aliyemkodisha ilhali notisi ya kaunti iko mlangoni.

Barua na mpango wa kulipa

Baada ya kujua deni halisi, toa pendekezo lako kwa maandishi kabla ya kuletewa la kwao. Pendekezo zuri lina mambo matatu: kodi ya kila mwezi italipwa kikamilifu kuanzia sasa, kiasi fulani cha deni kitatangulizwa, na kilichobaki kitagawanywa kwa awamu ambazo kweli unaziweza. Jambo la kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mpangaji ambaye deni lake limesimama mahali pamoja, hata kama halijapungua, ana sura tofauti mbele ya ofisi na mbele ya hakimu kuliko yule ambaye deni lake linakua.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Sh3,000 kwa mwezi yenye deni lililokaguliwa la Sh54,000. Mpangaji akitanguliza Sh14,000 alizochanga kutoka kwa chama na ndugu, hubaki Sh40,000. Akiongeza Sh2,000 juu ya kodi ya kila mwezi, atalipa Sh5,000 kwa mwezi na kumaliza baada ya miezi 20. Angeweza kuahidi Sh5,000 za deni kila mwezi ili apendeze, akamaliza kwa miezi 8 kwenye karatasi, kisha akakwama mwezi wa tatu. Mpango uliovunjwa hutumiwa kama ushahidi dhidi yako, hivyo ahidi kidogo unachokiweza.

Mpango ufuate mapato yako yanavyokuja. Mfanyabiashara wa omena anajua kwamba kwa kawaida uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai. Aseme hivyo kwenye barua, aombe awamu ndogo miezi hiyo na kubwa baadaye. Mzazi ataje Januari ya karo. Kibarua wa shamba la maua Naivasha aonyeshe tarehe ya mshahara, ili siku ya malipo iwekwe baada ya mshahara, isiwe kabla. Mzee anayepokea Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii aeleze kwamba pesa hizo huweza kuchelewa, na aambatishe uthibitisho wa usajili wake. Ofisa hawezi kuyazingatia mambo ambayo hayapo kwenye faili.

Barua yenyewe haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inaweza kuandikwa hivi:

"Kwa Afisa Msimamizi wa Nyumba, Serikali ya Kaunti. Mimi ni mpangaji wa nyumba nambari (andika nambari) katika mtaa wa (andika mtaa), na nimeishi hapo tangu mwaka (andika mwaka). Nimepokea notisi yenu ya tarehe (andika tarehe) inayodai Sh(andika kiasi). Nimelinganisha taarifa yenu na risiti zangu, na nakubali kwamba nadaiwa kodi ya miezi ifuatayo (itaje). Siikubali sehemu iliyobaki kwa sababu zifuatazo (zieleze), na naomba mchanganuo wake. Nilichelewa kulipa kwa sababu (eleza ugonjwa, kuachishwa kazi, msiba au lolote lililotokea). Kuanzia mwezi huu nitalipa kodi kamili kabla ya tarehe (andika tarehe), nitatanguliza Sh(andika kiasi), na nitaongeza Sh(andika kiasi) kila mwezi hadi deni ninalolikubali liishe. Tunaishi hapa watu (andika idadi), wakiwemo (taja watoto wa shule, mgonjwa, mzee au mwenye ulemavu). Naomba msichukue hatua ya kunitoa kabla ya kunisikiliza, na naomba jibu kwa maandishi. Nimeambatisha nakala za risiti na kitambulisho changu."

Lipa kile kiasi cha kutanguliza siku hiyohiyo unapoipeleka barua, hata kabla ya kujibiwa, na uhakikishe risiti imeandikwa nambari ya nyumba yako. Usimpe karani pesa mkononi ili "akushughulikie faili." Pesa hizo hazitaonekana popote.

Kama ndani ya deni kuna faini na riba, ziombee msamaha kwa barua ya pekee iliyoelekezwa kwa waziri wa fedha wa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inampa waziri huyo nafasi, kwa masharti, ya kusamehe tozo za kaunti. Kodi yenyewe husamehewa kwa nadra mno, na anayekuahidi kwenye mkutano wa kampeni kwamba itafutwa yote anakupotezea muda. Mikopo ya haraka ya simu nayo si dawa ya deni la kodi. Deni la kaunti linaweza kujadiliwa, lile la simu linakuja na riba yake na halikusikilizi. Afadhali chama, au sako ambayo tayari unaweka akiba.

Notisi inasemaje

Notisi ikifika, soma kwanza imetoka kwa nani, inataka nini na inakupa muda gani. Barua ya kukumbusha deni siyo notisi ya kuvunja upangaji, na notisi ya kuvunja upangaji siyo amri ya kutoka. Piga picha mahali ilipobandikwa, na uandike tarehe uliyoiona.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba upangaji usio na muda maalumu, ambao kodi yake hulipwa kila mwezi, huchukuliwa kuwa wa mwezi kwa mwezi, na notisi ya kuumaliza isipungue kipindi hicho. Mwenye nyumba anayetaka kuuvunja kwa sababu ya kosa la mpangaji, likiwemo la kutolipa, anatakiwa kwanza kutoa notisi inayolitaja kosa na kumpa mpangaji muda wa kutosha wa kulirekebisha. Na mpangaji naye anaweza kuiomba mahakama imwokoe asipoteze upangaji wake. Kwa nyumba zenye kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi ipo pia Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Sheria hiyo ina nyumba inazozibagua, kwa hivyo mwombe msaidizi wa kisheria akuangalizie kama yako imo.

Mwenye nyumba wako akiwa ni kaunti, una ngao ambayo mpangaji wa mtu binafsi hana kwa urahisi huo. Kaunti ni chombo cha umma, na Kifungu cha 47 cha Katiba pamoja na Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015 vinaitaka, kabla ya kuchukua hatua inayokuumiza, ikujulishe mapema, ikupe nafasi ya kujieleza na ikupe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Kifungu hicho hakifuti kodi, na usiende mahakamani ukidhani kwamba kinafuta. Kazi yake ni kuilazimisha serikali ipime madhara ya kukutoa na itafute njia nyingine kwanza. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa wapangaji wa mtaa wa Muthurwa jijini Nairobi, waliokuwa wakiishi katika nyumba za mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikazungumzia kwa kirefu haki ya makazi katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba dhidi ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Kesi zote mbili hazikuwa za malimbikizo ya kodi, lakini mawakili huzitumia kuonyesha kwamba watu hawaondolewi kwa pupa.

Kaunti ikidai kwamba wewe si mpangaji tena ila ni mtu anayekalia ardhi ya umma kinyume cha sheria, basi inaingia katika marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ardhi, ambayo yanataka notisi ya angalau miezi 3 kabla ya watu kuondolewa katika ardhi ya umma, itolewe kwa maandishi, katika gazeti rasmi la serikali, katika gazeti la kitaifa na redioni. Hapa ndipo hata yule aliyekodishiwa kwa mlango wa nyuma anapata pa kushika.

Uliza pia kama mtaa wako uko kwenye mpango wa kujengwa upya, kama ilivyopangwa kwa Makasembo jijini Kisumu. Ikiwa notisi za madeni zinaenda kwa mtaa mzima wakati mmoja na mpango huo, suala si la kodi yako peke yako, na linapaswa kubebwa na kamati yenu kwa pamoja.

Dalali anapokuja

Dalali anayetumwa kukamata mali kwa ajili ya kodi hana mamlaka ya kukutoa nyumbani; kazi yake ni mali tu. Lazima awe na leseni, aonyeshe barua ya maagizo, na atoe orodha ya vitu anavyovikamata pamoja na thamani na hali ya kila kimoja, kisha akupe muda wa kuvikomboa kabla ya kuviuza. Soma orodha hiyo kabla ya kutia sahihi, na andika pingamizi kama televisheni ya Sh18,000 imethaminiwa Sh2,000. Vitu ambavyo si vyako, kama cherehani ya dada yako au pikipiki ya mkopo, mwenyewe aje na stakabadhi zake mara moja.

Kwenda mahakamani

Migogoro ya upangaji na ardhi husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoko Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji mingine, na pia na mahakimu waliopewa mamlaka hayo kulingana na thamani ya shauri. Ukiwa umeshtakiwa, usipuuze hati ya kuitwa, kwani hukumu inaweza kutolewa bila wewe kuwapo. Ukiwa unatishwa bila kesi yoyote, ni wewe unayekwenda kuomba amri ya kuzuia kwa muda, ukiambatisha hati ya dharura na hati ya kiapo inayosimulia mambo kwa mpangilio wa tarehe. Hapo ndipo zile nakala zenye muhuri, risiti na barua ya mpango wa kulipa zinapofanya kazi yake: hakimu anayeona kwamba ulikagua daftari, ukapendekeza, ukaanza kulipa na hukujibiwa, ana sababu ya kukuamini.

Umaskini usikuzuie. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kwamba hakuna ada ya kufungua kesi ya kulinda haki za kimsingi, na kinaruhusu kesi hiyo ianze kwa maandishi yasiyo rasmi. Msaada wa wakili unaweza kuombwa kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Kesi sasa hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, hivyo usikate tamaa ukiambiwa karatasi zako hazipokelewi dirishani. Omba uelekezwe mahali zinapopakiwa. Ukipewa nafasi ya upatanishi chini ya mahakama, ikubali, kwa sababu makubaliano ya awamu yanayofikiwa hapo huwa amri ya mahakama, na ofisa mpya hawezi kuyageuza kwa simu.

Wakija asubuhi

Waombe wajitambulishe na waonyeshe amri. Soma jina la mahakama, nambari ya kesi, majina ya wahusika, nambari ya nyumba, sahihi na muhuri, kisha ipige picha na umtumie msaidizi wako wa kisheria. Amri ya nyumba ya jirani haitumiki kwako. Kama hawana amri, waambie mbele ya mashahidi kwamba hukubali kuondoka, na jirani mmoja arekodi video. Usishikane na mtu, kwa maana shtaka la kumpiga askari wa kaunti litafunika kosa lao. Kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata maji ili uchoke mwenyewe hakuna tofauti na kukutoa kwa nguvu bila amri. Nenda kituo cha polisi, eleza, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi.

Wakiwa na amri halali, omba muda wa kutoa vitu vyako mwenyewe, orodhesha kila kitu kinachotoka, na toa kwanza dawa, vyeti, sare na vitabu vya watoto. Wakili bado anaweza kuiomba mahakama isimamishe utekelezaji siku hiyohiyo, kwa hiyo mtu mmoja wa familia awe njiani kuelekea mahakamani huku wengine wakibeba.

Deni likiisha

Usitosheke na risiti ya mwisho. Omba barua ya kaunti inayosema kwamba nyumba nambari yako haina deni hadi tarehe fulani, na taarifa mpya ya akaunti inayoonyesha sifuri. Weka nakala moja kwa kamati ya mtaa na nyingine kwa ndugu anayeishi kwingine. Mwezi unaofuata, baada ya kulipa kodi, rudi uulize salio: ile Sh61,000 ya vitabu vya zamani ina tabia ya kurudi mfumo unapobadilishwa, na ni rahisi kuifuta ikiwa na mwezi mmoja kuliko ikiwa na miaka minne.